Soda ya Getini

"Jina lako lilikuwemo, binti. Nafasi keshapewa mwingine."

Mwaija akaishika kaunta kwa mikono miwili. Katoka Handeni alfajiri, kaja Korogwe kuuliza mbona kimya, kumbe chuo cha uuguzi kilishamwita wiki mbili zilizopita.

"Mama, mimi sijapata meseji yoyote."

Mama Asnath wa udahili akavaa miwani. "Ilienda kwenye simu inayoishia na arobaini na saba. Ulitakiwa uthibitishe mwisho Ijumaa iliyopita."

Arobaini na saba, jamani. Namba hiyo Mwaija anaijua kuliko yake mwenyewe. Ni ya Ukasha, mchumba wake, mwenye steshenari pale Chanika, Handeni. Ndiye aliyemjazia maombi, na wateja wote huwa anawawekea namba yake, eti wasisumbuke.

Na si kwamba Mwaija hakusoma. Digrii ya maendeleo ya jamii anayo. Ila alipomuuguza mama yake aliyepooza, akajua kumgeuza, akajua kumsafisha vidonda, moyo ukahamia huko moja kwa moja. Chuo kikamwambia digrii yako haitusaidii, lete Kemia ya form four. Basi akarudia mtihani, mtu mzima na digrii yake, kabanwa katikati ya watoto. Ukasha akimsubiri getini na soda ya baridi.

Akatoka nje, akapiga.

"Uliiona meseji ya chuo?"

"Niliiona, Mwaija."

"Ukanyamaza."

"Miaka mitatu Korogwe, mpenzi. Posa ishapelekwa, shangazi zangu wananiuliza harusi lini. Halafu na digrii yako yote ukabebe mikojo ya watu?"

"Ya mama yangu nani alikuwa anabeba?"

Ukasha akaanza kubembeleza, oh mwakani nitakuombea tena, oh nilifanya kwa mapenzi.

"Ulinisubiri getini, Ukasha. Ukanipa soda, ukaniuliza Kemia imekuwaje."

"Nilijua utafeli."

Mwaija akakata simu. Akaandika: "Waambie shangazi zako waje wachukue posa yao. Mimi na wewe basi."

Jibu likamkuta hajafika hata stendi: "Hata ukiniacha, ile nafasi hairudi."

Akaisoma mara mbili. Kwa hilo, Ukasha hakumdanganya. Akapanda gari la Handeni, bahasha ya vyeti mapajani.