Kamusi ya Kimezasauti

Gari la zimamoto lilipita chini ya Mnara wa Saba likipiga king'ora, na mle mnarani hakuna aliyegeuza shingo. Kimezasauti kilikuwa kazini. Kila chumba kilikuwa na kimoja ukutani, kidogo kama kifuu, na kila mlio mwembamba wa kuchoma masikio kiliuzima kabla haujamfikia mtu. Watu walilala, walisoma, presha zikashuka. Tuseme kweli, Tanga nzima ilimpenda Mhandisi Mwanaidi Shekue kwa kazi ile.

Mashine yenyewe haikujua kuchagua. Ilifuata kamusi aliyoijaza yeye. Mbinja: meza. Kigelegele: acha, maana nani angethubutu kuwazimia watu harusi! Yowe: acha, ita msaada. Kwenye neno moja la herufi U, msaidizi wake Mbwambo akakwama.

"Dada, ukwenzi ndiyo mdudu gani?"

Mwanaidi naye hakujua. Akaweka simu kwenye spika, akampigia mama yake, Bi Somoe, aliyeishi peke yake ghorofa ya tisa ya mnara uleule. Mama akacheka kwa kile kisauti chembamba alichobaki nacho tangu apasuliwe rovu shingoni.

"Ukwenzi? Si ndio uliokuwa ukinipigia nikikunyima sukari guru! Ulikuwa na deko wewe, loo!"

Wakacheka wote watatu. Mwanaidi akaandika: ukwenzi, kelele za mtoto mdekezi, meza. Hakuuliza zaidi. Kumbe mama alikuwa akimtania tu. Ukwenzi ni ukelele mkali, mwembamba, wa mtu aliyefikwa na janga.

Mwezi uliofuata Bi Somoe aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Alikutwa Jumatatu adhuhuri, amekwisha kupoa. Jirani wa ukuta kwa ukuta alilia sana. "Wallahi, mwanangu, hatukusikia hata mkwaruzo."

Baada ya maziko Mwanaidi alifungua kumbukumbu za kimezasauti cha bafu lile. Jumamosi asubuhi: ukwenzi, umemezwa. Ukwenzi, umemezwa. Mistari ilijaza kioo kizima.

"Niwekee sauti yenyewe," akasema. "Nisikie alikuwa anasema nini. Alikuwa ananiita?"

Mbwambo alitazama chini. "Haipo, dada. Uliamuru sauti zisihifadhiwe, kwa faragha ya watu. Linabaki neno tu."

Mwanaidi akalisoma neno lile, mstari kwa mstari, mpaka lilipokoma Jumapili saa kumi alasiri.