Nta Aliyoiuma Lugano

Jumatatu saa nne asubuhi, jua la Kyela limeshaanza kuchoma, plasta iligongana mezani kwa Lugano, fundi wa meno bandia. Ka. Ka. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa mifano ya taya za mteja, imefungwa kwenye atikuleta, kile chuma chenye bawaba kinachofumba na kufumbua mdomo wa plasta ili fundi aone meno bandia yatakutana vipi. Lugano akajiambia ni upepo. Upepo gani, na hata pazia halikutikisika?

Mifano ile ni ya Bibi Angetile wa Ngana. Wiki mbili nyuma alichukua meno yake akashukuru mpaka Lugano akaangalia pembeni. "Ndaga fijo, mwanangu! Sasa nitatafuna."

Jamani, fundi alikuwa na lake moyoni. Ile nta aliyoiuma bibi, inayoonyesha taya zake zinakutana wapi, aliisahau dirishani ikayeyuka. Sasa amrudishe bibi wa watu kutoka Ngana na matope yote yale ya masika, amwambie nimeharibu? Aliona aibu. Akalainisha nta nyingine, akaiuma mwenyewe, akaichonga hapa na pale mpaka plasta ikakubali kukaa, huku akijisemea, "Kibibi cha shamba, kitajua nini?"

Alhamisi akaja Marta, binti wa bibi. Akafunga mlango nyuma yake.

"Kaka Lugano," alinong'ona, "mama anaongea kwa sauti ya kiume. Jumapili kasimama kutoa ushuhuda, akamwambia mke wa mchungaji, 'Kibibi cha shamba, kitajua nini?' Wazee wa kanisa wanasema anafuga majini. Wamemzuia meza ya Bwana."

Lugano akasema haraka, "Avue meno."

"Hayavuliki. Wameomba, wapi! Nimemwita Maalim Salehe, yule wa vitenge sokoni anayepunga majini. Na wewe uliyeyatengeneza, twende."

Walimkuta bibi sebuleni, ameketi mkekani, mdomo unajifumba na kujifumbua, ka, ka, na ingawa Maalim alikuwa amefukiza udi mpaka macho yanawasha, harufu iliyomfikia Lugano tangu mlangoni, ikamfuata hadi kwenye kigoda alichopewa, ilikuwa ya nta iliyoungua.

"Umeingiaje kwa mama huyu?" Maalim aliuliza taratibu.

"Nilikuta mlango wazi," sauti ikajibu. "Meno ya huyu, kuuma kwa mwingine. Mdomo usio na mwenyewe. Nikakaa."

"Nani aliuma?"

Marta akamgeukia fundi. "Kaka, unajua chochote?"

Hapo ndipo angesema. Lakini aibu, ndugu zangu, humfunga mtu mdomo kuliko kufuli. "Mimi sijui," akasema Lugano, na mdomo wa bibi ukasema pamoja naye, neno kwa neno, kwa sauti ileile ya Lugano, "Mimi sijui."

Chumba kizima kikamwangalia. Lugano alitamani ardhi immeze.

"Niliuma mimi," akalia. "Nta yake niliiharibu, nikaona haya kusema."

Meno yakamwanguka bibi mapajani. Akapumua, akajifuta mate kwa upande wa kanga.

"Ni hilo tu?" akauliza kwa sauti yake mwenyewe. "Ungeniita, mwanangu. Ningekuja hata kwa miguu."

Afadhali angemtukana. Jumapili Lugano alisimamishwa mbele ya kanisa zima akarudia yote, watoto wakicheka na akina mama wakiguna, na bibi akarudishiwa meza ya Bwana.

Wiki iliyofuata Bibi Angetile akaja Kyela mwenyewe, apimwe upya. Hakutaka fundi mwingine. Marta alisimama mlangoni. Lugano akamwekea bibi nta mpya mdomoni, akamwambia aume polepole, akahesabu hadi kumi, akaitoa.

Bibi alibakiwa na meno yake sita tu. Nta ilikuwa na alama za meno juu na chini, pande zote, makubwa, hakuna pengo hata moja, sawasawa na ile aliyoiuma Lugano.

"Imekaa sawa, mwanangu?"

Marta alikuwa anamwangalia. Lugano akakumbuka vile vicheko vya kanisani, uso ukamwaka moto, akaifunika nta kwa kiganja.

"Imekaa, bibi," akasema, akaanza kukoroga plasta.