Chakula cha Kanisa, Njaa ya Nyumbani

Ndugu zangu wa Majengo, kila Jumamosi adhuhuri ua wa kanisa letu hunukia maharagwe ya nazi. Wasio na makao hukaa kivulini na sahani zao, wengine wametoka hata mtaa wa Bondeni, na hakuna anayeulizwa dini wala kabila. Aliyekuwa akiwapakulia ni Wendy, mke wa Benard wa bandarini. Mkono wake ulikuwa mwepesi, maneno yake matamu. Tulimpenda sote.

Jumamosi moja mwokota chupa aitwaye Karisa alifika mbele yake, lakini hakunyoosha sahani.

"Mama, kuna nyumba ya mlango wa buluu kule nyuma ya soko. Ndani mna bibi kizee analilia maji. Mlango una kufuli kwa nje."

Wendy aliurudisha upawa sufuriani. Nyumba ile ilikuwa yake. Bibi yule ni Nasipwondi, mama mzazi wa Benard, aliyeletwa kutoka bara alipoanza kupoteza kumbukumbu. Mke na mume walikubaliana wamfungie ndani asije akapotea. Siku za kanisa Wendy alikuwa akimwachia chai na mkate, na siku nyingine akisahau. Benard alijua. Lawama tusimtwike mke peke yake.

"Kula, baba," Wendy alisema kwa sauti ya chini. "Ya nyumba za watu waachie wenyewe."

Hebu msomaji, jiweke pale. Angesema tu, "Ni kwangu, twende." Lakini aliwaonea haya waumini wenzake, akaendelea kupakua.

Karisa alirudi kule na sahani yake. Aliita dirishani, kimya. Alipochungulia aliona mguu umelala sakafuni. Akaokota jiwe, akaanza kugonga kufuli.

"Mwizi! Mwizi avunja nyumba!" mpita njia alipiga kelele.

Vijana walimiminika kutoka vichochoroni. Kabla hajajieleza alikuwa chini, damu yamtoka sikioni, na mmoja ameshakwenda kutafuta tairi la kumchomea.

"Kuna mtu ndani!" alilia. "Tazameni kwanza!"

Aliyemsikia ni Nasiha, jirani aliyekuwa akianika nguo. Alijitupa katikati yao. "Mwacheni! Mkimuua, mtamjibu nini Mungu?" Kisha akalipiga lile kufuli lililokwisha kulegea, mlango ukafunguka.

Nasipwondi alikuwa ameanguka, nyonga imevunjika, midomo imepasuka kwa kiu. Wale vijana wakarudi nyuma, hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake.

Habari ilipofika kanisani, Wendy alikuja mbio, aproni ingali kiunoni. "Mama! Mama, ni mimi!"

Bibi kizee hakumtambua. Alimshika Karisa mkono, akaung'ang'ania.

"Benard," alisema, "umekuja, mwanangu."

"Nimekuja, mama," Karisa akamjibu.

Nasipwondi alitibiwa, ila hatembei tena. Karisa sikio moja halisikii. Benard amebadili zamu ili ashinde na mama yake mchana. Wendy hajarudi kupakua kanisani, na wala hakuna aliyemkataza.

FUNZO

Kulisha maskini ni jambo jema, na jiko letu litaendelea kuwaka. Lakini mgonjwa uliye naye nyumbani naye ana njaa, na kumfungia si kumlinda. Ukielemewa, sema. Kanisa lina watu, mtaa una majirani. Haya ya Wendy ilikaribia kuua wawili. Nanyi vijana, anayeomba asikilizwe, msikilizeni kabla hamjainua mkono.