Kitanda cha Harusi na Majani ya Mwali

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Andrea alikwenda bandani kumsalimia mbuzi wake.

"Umeamkaje, Mwali? Umelala vizuri?"

Mbuzi alimjibu kwa kulia. Veronika, mke wa Andrea, alikuwa jikoni akichochea moto. Alisikia kila neno.

"Na mimi nimelala vizuri, asante," alisema kwa sauti. "Ingawa hakuna aliyeniuliza."

Andrea alicheka. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na bado mke wake alijua kumchekesha asubuhi.

Mbuzi alipewa jina la Mwali kwa sababu hakutoka nje. Kijijini kwao, kwenye miteremko ya juu ya Matombo, mbuzi akifunguliwa tu huingia kwenye bustani za watu. Kwa hiyo Mwali na binti zake wawili walikaa ndani, kama mwali anayefundwa unyagoni, na kila kitu waliletewa. Banda lao liliinuliwa juu ya nguzo. Sakafu yake ilikuwa ya fito zenye nafasi, ili kinyesi kianguke chini.

Andrea aliwapenda sana, na alionyesha mapenzi kwa njia aliyoijua. Mgeni akija kwake, sahani hujazwa mpaka inamwagika. Basi na mbuzi alifanya hivyo hivyo. Kila asubuhi alishusha fungu zima la majani makavu kutoka darini. Alilikata kamba, akalimwaga lote sakafuni.

"Kula, mwanangu," alisema. "Hapa hakuna kupimiana."

Mwali alivuta mdomo mmoja wa majani, akarudi nyuma, akatafuna. Nusu ilimdondoka. Binti zake wakapita juu ya majani, wakayakanyaga, kisha mmoja akakojoa papo hapo. Andrea hakuona ubaya. Mbuzi ni mbuzi, alijisemea.

Siku hiyo wakinywa chai, Veronika alisema, "Nimehesabu majani darini, Baba Happiness. Yamebaki mafungu arobaini. Mvua zimebakiza kama siku sitini kuanza."

Andrea aliweka kikombe chini.

"Kwa siku tunatumia fungu moja," Veronika aliendelea. "Yakiisha, sitashuka tena mtoni kukata mengine. Shingo yangu imekataa. Na wewe goti lako halishuki mlima. Bora Mwali twende tukampe kaka yangu kule Turiani. Kwake majani yapo."

"Mwali ana mimba!"

"Najua. Ndiyo maana sitaki alale na njaa."

Andrea alijipapasa goti. Mwezi wa sita, wakati wa kukata na kukausha majani, aliteleza mteremkoni akaumia goti. Yale mafungu yote yalipandishwa mlima juu ya kichwa cha Veronika. Hata hivyo, kumtoa Mwali kulimuuma moyo. Banda bila Mwali aliliona kama nyumba bila mtu.

Asubuhi ya kesho yake alidhani amepata dawa. Aliokota majani yaliyokanyagwa, akayakung'uta, akamrudishia Mwali. Mwali aliyanusa, akapiga chafya, akageuka pembeni.

"Unadeka sasa," Andrea alimlaumu.

"Hodi! Shikamoo, Baba Happiness."

Alikuwa Mwanvita, jirani yao wa ng'ambo ya kijito. Alifuga mbuzi wa maziwa kwa miaka mingi, na alikuwa katika kikundi cha wafugaji. Alikuja na tenga kuchukua samadi ya bustani yake ya mchicha.

"Marahaba, mama. Karibu, chota tu."

Mwanvita aliinama chini ya banda, akachimba. Baada ya muda kidogo akasimama.

"Jamani, nimekuja kuchukua samadi," alisema. "Mbona nachota majani?"

Alinyoosha mkono. Kiganjani mwake kulikuwa na majani makavu mazuri, yamechanganyika na kinyesi.

"Hayo ni yale aliyoyaacha Mwali," Andrea alisema. "Sijui siku hizi anachagua nini. Hata haya niliyomwokotea ameyakataa."

"Wewe ungekula ugali uliokojolewa?"

Veronika alitoka jikoni mbio. Hakutaka kupitwa na maneno hayo.

"Mbuzi ana pua kali," Mwanvita alieleza. "Majani yakishakanyagwa na kukojolewa, hayali. Na akiyala kwa njaa, anakula na minyoo. Usimrudishie kabisa. Kosa si la Mwali. Kosa ni sakafu."

"Basi nayapoteza mangapi?" Andrea aliuliza.

"Pima mwenyewe. Lisheni kama kawaida siku tatu. Kila jani linaloanguka, ndani na chini ya banda, likusanyeni mahali pamoja. Kisha mniite."

Walifanya hivyo. Siku ya tatu Veronika alifunga kwa kamba majani yote yaliyoharibika. Likatoka fungu zima. Walikuwa wameshusha mafungu matatu darini, na moja kati ya hayo lilikuwa limeishia kwenye uchafu.

Andrea alilitazama fungu lile. Kisha alimtazama mke wake, ambaye alikuwa akijisugua shingo kwa mkono.

"Hili ulilibeba wewe," alisema taratibu.

"Kwani ulidhani lilipanda mlima lenyewe?"

Veronika alisema kwa utani, lakini Andrea hakucheka. Aliona aibu. Alidhani anamlisha Mwali kwa ukarimu, kumbe alikuwa anamwaga jasho la Veronika chini ya miguu ya mbuzi.

Mwanvita alipokuja, Andrea hakusubiri asalimiwe.

"Nifundishe," alisema.

"Mtengenezee hori la ukutani," Mwanvita alisema. "Mbao nyembamba zisimame wima, majani yakae nyuma yake. Kati ya mbao na mbao acha nafasi ya vidole vitatu. Mdomo upite, kichwa kisipite. Hapo atavuta kidogo kidogo, na hatanasa shingo."

"Niliweke juu?"

"Hapana. Liwe usawa wa kifua chake. Likiwa juu ya kichwa, vumbi litamwingia machoni. Chini yake weka ubao wenye kingo, ukinge yanayodondoka. Hayo ni safi, yarudishe ndani. Na juu funika, vitoto visije vikaruka humo."

"Na kulisha je?" Veronika aliuliza.

"Nusu asubuhi, nusu jioni. Majani marefu yakateni kwanza kwa panga. Vijiti vigumu atakavyobakiza msimlazimishe. Vitandikeni shambani. Na maji yasikosekane, maana chakula kikavu kinataka maji."

"Tatizo ni mbao," Veronika alisema. "Tutazipata wapi?"

Andrea alikuna kichwa. Mbao alikuwa nazo. Darini, nyuma ya majani, kulikuwa na kitanda cha mninga. Alikichonga mwenyewe mwaka aliomwoa Veronika. Watoto wao wote sita walizaliwa juu yake. Happiness, binti yao wa kwanza, alipowanunulia kitanda kipya mjini Morogoro, Andrea alikataa kile cha zamani kifanywe kuni. Kila mwaka alikipangusa vumbi.

"Kina chaga kumi na nne," alisema polepole. "Nyembamba, zimenyooka."

Veronika alimkazia macho. "Kitanda chetu? Wewe si ulisema hakiguswi?"

"Nilisema. Sasa nasema hutabeba tena majani ya kukanyagwa."

Veronika aligeuka upande, akajifanya anapangusa moshi machoni. Lakini walikuwa nje, na moshi haukuwepo.

Andrea alipiga misumari siku mbili, goti limenyooshwa mbele. Chaga zikawa mbao za hori. Ubao wa kichwani mwa kitanda ukawa kinga ya chini. Mwali alinusa, akapitisha mdomo, akavuta kidogo. Alichodondosha kilianguka kwenye ubao. Akainamisha kichwa, akakiokota.

"Ee, tazama!" Andrea alipiga makofi. "Tazama anavyokula kistaarabu!"

Tangu siku hiyo mafungu mawili yalitosha siku tatu. Asubuhi Andrea alitamani kuongeza kidogo, mkono unamwasha, lakini akiona Veronika anamchungulia kutoka jikoni, aliurudisha mfukoni. Habari za Turiani hazikutajwa tena. Mwanvita naye akaanza kulalamika kwa utani kwamba samadi yao sasa ni samadi tupu, haina jani hata moja.

Mvua zilipoanza kunyesha, darini lilibaki fungu moja. Siku ya tatu ya mvua Mwali alizaa mapacha, majike wote wawili. Aliwazaa pembeni, chini ya hori. Andrea na Veronika waliwakausha kwa gunia, wakakaa kuwatazama wakijaribu kusimama.

Veronika alipitisha mkono kwenye chaga moja. Ilikuwa laini kwa miaka mingi ya kulaliwa.

"Sita wetu," alisema, "na hawa wawili. Hiki kitanda chako, Baba Happiness, hakijui kustaafu."

Andrea alimsogelea, akaanza kumsugua shingo.