Matanga ya Miezi Tisa

Kila alasiri Kaltumu alimimina vikombe sita vya chai, na kila alasiri aliosha saba. Mwanzoni alijicheka. Mtu aliyefiwa huhesabu vibaya, alijiambia. Lakini siku ya kumi na moja alivipanga kwenye sinia mbele ya jirani yake Kabatesi, akavihesabu kwa kidole, sita, akavipeleka uani kwa wanawake wa matanga. Aliporudi kuvichukua vilikuwa saba. Cha saba kilikuwa cha kabatini, na hakuna aliyefungua kabati.

Yalikuwa matanga ya Mudathiru, mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka kumi na sita. Mwezi wa nane mwaka 1998, jirani yao Nzabonimpa alimsimamisha kwenye njia ya kushukia kizuizi cha mpakani, Grande Barrière, akitaka baiskeli. Mudathiru alikataa, maana ilikuwa baiskeli ya kupelekea wateja nguo alizoshona baba yake, Kadiri. Nzabonimpa akaokota jiwe jeusi la volkano. Dada mdogo wa marehemu, Iriza, alikuwa amekaa nyuma kwenye keria, na aliona yote. Jioni ile ile askari walimkamata Nzabonimpa akiwa bado na baiskeli.

Sasa hapa ndipo lilipofanyika kosa, nami nalisema mapema ili tusimtupie jini lawama zote. Waislamu wa mjini hukaa matanga siku tatu, wakasoma dua, wakarudi kazini. Kaltumu lakini alizaliwa kijijini Rugerero, kwa watu wa ikiriyo, matanga ya jadi. Huko moto wa msiba huwashwa uani na mikeka hutandikwa kuuzunguka, na moto huo hauzimwi mpaka siku ukoo unapokubali kutoka kwenye msiba, watu wakanyoa nywele na kushika tena jembe. Siku ya tatu Kadiri alianza kukunja mikeka. Kaltumu akamnyang'anya, akaenda kaburini, akaapa mbele ya watu.

"Mwana yangu, moto yako haitazimika mupaka Juji asome hukumu."

Alidhani ni mwezi mmoja, labda miwili. Muuaji alikuwa ndani, shahidi alikuwepo, kulibaki nini? Ehe, subira huvuta heri, lakini waliosema hivyo hawakuvuta subira yao mlangoni pa mahakama.

Mara ya kwanza Juji hakufika, barabara ya Ruhengeri ilikuwa imefungwa na askari. Mara ya pili gari la gereza halikuwa na mafuta. Mara ya tatu faili halikuonekana, na si ajabu, maana magereza yalijaa watu wa mauaji ya kimbari ya 1994 na mafaili yao yalirundikwa ofisini hadi kuziba dirisha. Kila mara karani alitoka, akawatazama Kaltumu na Kadiri waliovaa nguo zao za Idi, akasema bila hata kusimama: "Imesogezwa. Mutarudi."

Na kila iliposogezwa, uani kwao kuliongezeka kitu. Baada ya kikombe ilikuja harufu, ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi zikaachwa wiki nzima. Baada ya harufu ilikuja sauti. Wanawake walipomaliza kulia, sauti moja iliendelea kidogo, nyembamba, halafu ikanyamaza kama mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa.

"Mama Mudathiru," Kabatesi alinong'ona siku moja, akijifanya anachochea moto. "Ule mama wa kule mwisho, mwenye kitenge ya kijivu. Iko nani?"

"Si ulikuja naye, we?"

"Mi? Mi simujui. Mi nilifikiri ni ndugu yako wa Rugerero."

"Haiko ndugu yangu."

Kabatesi aliacha kuchochea. Hakugeuka kutazama.

Mtu wa matanga haulizwi ametoka wapi. Ni aibu kumuuliza mtu anayekusaidia kulia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema, lakini mgeni wa msiba nani atampa jembe? Basi yule mama alikaa, miezi, mgongo ukiegemea ukuta na kitenge kikimfunika uso, na hakuna aliyepata kumwona akiingia wala akitoka. Kaltumu alipomtazama vizuri ndipo alipoona jambo jingine. Mwezi wa kumi mwanamke yule alikuwa mifupa mitupu. Sasa alikuwa amenenepa hata akachukua nafasi ya watu wawili.

Mara ya nne, mwezi wa pili, Juji alikuwepo, faili lilikuwepo, Nzabonimpa aliletwa na pingu zake. Kaltumu alilia kwa furaha. Iriza akaitwa mbele, mtoto wa miaka kumi na mbili, akaulizwa ni nani aliyempiga kaka yake. Iriza alinyoosha kidole, akafungua mdomo, na kilichotoka mdomoni humo hakikuwa jina wala neno, kilikuwa kile kilio chembamba cha uani, kilio cha mwanamke mzima, kikitoka kwa mtoto aliyekuwa amekodoa macho kwa hofu na kujaribu kukizuia kwa mikono yote miwili, kikaendelea hata alipoishiwa pumzi, hata askari mlangoni wakarudi nyuma, hata Juji akafunga faili bila kukaa sawa kitini.

"Mutoto haiko muzima," alisema Juji. "Imesogezwa."

Nje, karani aliwavuta pembeni. Safari hii alisimama. "Baba, mama, bon, nitabaambia kweli. Sheria haikubali mutu akae ndani bila kesi siku zote. Mwezi wa tano ikisogezwa tena, ule kijana atatoka. Atangojea kesi kwake."

Kwake ilikuwa nyumba ya tano kutoka kwao. Iriza angepishana naye kisimani.

Tangu siku ile Iriza hakusema tena. Alikonda hadi nguo zake zikawa kama za kuazima. Wanawake wa matanga waliacha kuja, mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake. Kabatesi peke yake ndiye aliyebaki, naye alikaa karibu na lango. Mgeni hakukosa hata siku moja.

Kadiri ndiye aliyemwita Mwalimu Faradji, mzee wa madrasa aliyerudi kutoka Kigoma. Alikuja baada ya adhuhuri, jua likiwa wazi, akasimama langoni, akanusa. Hakusogea hatua nyingine mpaka alipomaliza kusoma Ayatul Kursi mara tatu. Kisha akamkalisha Iriza mbele yake, akamwekea mkono kichwani, akaendelea kusoma kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosoma yule mama wa mwisho wa mkeka alianza kuyumba, na Iriza naye akayumba vile vile, kulia alipokwenda kulia, kushoto alipokwenda kushoto, mpaka wakawa wanapumua pamoja na harufu ya nguo mbichi ikawajaa wote kooni.

"Nani amekuita kwenye nyumba hii?" aliuliza Mwalimu.

Mdomo wa Iriza ulijibu. "Moto iliniita. Mukeka iko chini, mi nikakaa."

"Toka."

"Mi nakula kilio, Mwalimu. Mama aliapa kilio itaisha siku Juji atasoma. Basi Juji hatasoma. Mwezi wa tano hatasoma, mwaka ujao hatasoma. Na huyu mutoto nikimumaliza, kilio itakuwa mbili."

Iriza aliangukia mapajani mwa baba yake. Kaltumu alibaki amesimama, na nafsi yake ilimsuta vibaya sana. Miezi tisa alidhani analinda haki ya mwanawe. Kumbe kila ukuni aliouongeza ndio ulioisogeza kesi.

"Ufanye lile ambalo hukulifanya siku ya tatu," Mwalimu alimwambia. "Zima moto, kunja mkeka, nyoa. Na huyu akikuuliza lolote, usimjibu."

"Niliapa juu ya kaburi," Kaltumu alisema. "Nikizima, mwana yangu nitamwambia nini?"

Kadiri alijibu huku akimpangusa Iriza jasho. "Mwambie tulichoka kulisha shetani kwa jina yake, Mama Mudathiru. Mwambie tumebakiwa na mutoto moja."

Kabatesi alimnyoa Kaltumu. Kaltumu akamwaga ndoo ya maji motoni, na moshi ulipopanda alipiga ukelele mkubwa kuliko ule wa siku ya maziko, maana siku ile wengine ndio waliomzika Mudathiru, na leo yeye mwenyewe ndiye aliyemzika. Kisha akapiga magoti, akaanza kuukunja mkeka, akaukunja taratibu, mpaka ukagonga magoti ya yule aliyekaa mwisho.

"Mama, matanga imeisha. Enda."

Mgeni aliinua kitenge. Uso ulikuwa mkavu. Miezi tisa ya kulia, na hakukuwa na alama ya chozi hata moja, macho yalikuwa yametulia, macho ya mtu aliyeshiba akaanza kuwaza kesho.

"Basi," aliuliza kwa adabu kabisa, "ni wapi tena banalia?"

Kaltumu alibana midomo mpaka ikauma. Lakini macho yake yalikwenda yenyewe, juu ya ua, hadi nyumba ya tano, kwa Mukandutiye muuza sambaza, vidagaa vya ziwani, mama yake Nzabonimpa, ambaye tangu mwanawe akamatwe alikuwa akilia chumbani peke yake kwa sababu hakuna jirani aliyekanyaga kwake. Alipoyarudisha macho, mkeka ulikuwa mtupu.

Mwezi wa tano kila kitu kilifika kwa wakati. Iriza alisema jina kwa sauti yake mwenyewe, akaeleza baiskeli, akaeleza jiwe. Juji alisoma hukumu hadi mwisho: kifungo cha maisha. Kadiri aliinama akalia. Kaltumu alingoja moyo wake upoe, nao ukapoa, kidogo.

Hapo ndipo harufu ilipompata. Aligeuka. Benchi la nyuma, Mukandutiye alikuwa amekaa peke yake, mikono imelegea, akimtazama mwanawe anavyopelekwa garini. Kisha hakuwa peke yake. Mwanamke mwenye kitenge cha kijivu, mwembamba, mifupa mitupu, alikuwa ameketi ubavuni mwake, amemshika mkono. Mukandutiye akamwegemea begani.

"Mungu akubariki, mama," alisema, akilia. "Batu yote walinikimbia. Utakuja nyumbani? Mi nitamungojea mwana yangu mupaka siku ya kufa."

Kaltumu alijua la kumwambia. Zilikuwa hatua nne tu. Akawaza jiwe, akawaza baiskeli, akawaza sauti ya Iriza iliyorudi asubuhi ile. Akamshika mtoto wake mkono, akampitisha mlango wa mbele, na nyuma yao wanawake wawili wakaanza kulia, mmoja akimfuata mwenzake.