Dirisha Upande wa Dereva

Asubuhi ambayo mji mzima ulionekana kuamua kununua vitu, Ramani alikuwa amelala chali katikati ya duka la magodoro. Sketi yake ndefu ya kijani ameikusanya vizuri, raba zake nyeupe zinaning'inia nje zisichafue sponji, na miwani ya jua iko pale pale kichwani. Wateja walimzunguka kama wanavyozunguka dimbwi. Yeye hakujali. Kazi yake ilikuwa kuwapangia watu safari za magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani, awapitishe milimani na kuwalaza kando ya maziwa, na hakuwahi kumuuzia mteja kitu ambacho yeye mwenyewe hajakijaribu. Barabara ataiendesha kwanza. Choo cha kituo cha mafuta atakiingia kwanza. Godoro nalo, basi, atalilalia. Ndiyo maana ofisini walimwita Ramani, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwa shangazi yake.

"Samahani, dada," sauti ilisema juu yake. "Hilo godoro ni langu."

Alifumbua jicho moja. Alimwona kijana mrefu, ovaroli la bluu lenye vumbi la mbao, penseli nyuma ya sikio.

"Lina jina lako?"

"Lina vipimo vyangu. Nimelikatisha jana."

"Basi subiri kidogo. Ndoto yangu haijaisha."

Yule kijana akavuta kigoda, akakaa, akakunja mikono kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Baada ya muda akauliza kwa upole kama hiyo ndoto ni nzuri, na kama yeye yumo. Ramani alicheka mpaka miwani ikamwangukia puani.

Walipofika kwa muuzaji ndipo mambo yakajulikana. Wote wawili walitaka risiti ya kampuni moja. Bosi alikuwa amenunua magari manne makuukuu ya kusambazia mikate, akamtafuta kijana huyo, fundi seremala, ayageuze yawe magari-nyumba, na kwa wasiwasi wake wa siku zote akawatuma wote wawili wakatafute godoro lile lile, kila mmoja kwa siri yake. Walilibeba pamoja hadi karakana, mmoja mbele mmoja nyuma, wakibishana njia nzima nani anamburuza mwenzake.

Tangu siku hiyo Ramani akawa na sababu ya kupita karakana. Leo anapima kabati, kesho anachagua rangi ya pazia, keshokutwa hata sababu yenyewe hana. Walikula chakula cha mchana ndani ya gari lisilo na viti, miguu inaning'inia mlangoni, na Fundi akimtoa vumbi la mbao kwenye nywele, ingawa mara nyingi vumbi lenyewe halikuwepo. Na Ramani akiwa njiani kuonja barabara mpya, Fundi alimpigia simu. Aliegesha pembeni na kumwaga yote: ukungu unavyoshuka mlimani, kona ambayo ziwa hujitokeza lote kwa mara moja, mbuzi walioikalia lami kama ya baba yao. Fundi hakuwahi kutoka nje ya mji. Alisikiliza, akaitikia "mm".

"Unanisikiliza kweli, au unapiga randa?"

"Vyote viwili, mpenzi."

Ramani alikulia katika nyumba yenye watu wengi, ambako ili upitishiwe chumvi ilibidi upaze sauti. Kupata mtu wa kumsikiliza ndiko kulikomwangusha. Uzuri wa Fundi ulikuwa nyongeza tu, japo nyongeza yenyewe haikuwa haba.

Kati ya yote aliyoyasema simuni, moja alilirudia mpaka likachakaa: ziwa liwe upande wa abiria. Dereva macho yake yako barabarani, anayefaidi ni aliyekaa pembeni yake. Njia zake zote zilizunguka maziwa hivyo, na hakuna mtu ofisini ambaye hakulijua hilo.

Gari la kwanza lilipokamilika, Ramani alikwenda kulikagua amevaa gauni lake la manjano, maana ilikuwa kama sherehe. Ndani kulinukia vanishi mpya. Droo zilifunguka bila kelele, jiko lilikaa sawasawa mahali pake. Kisha akaliona dirisha. Lilikuwa refu, urefu wa kitanda kizima, na lilikuwa upande wa dereva. Upande wa abiria kulikuwa na kabati kutoka sakafuni hadi darini.

"Fundi, ziwa linakuwa upande gani?"

"Wa abiria."

"Kwa hiyo ulijua."

"Lala humo siku moja, halafu tuongee," alisema Fundi, na akatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililoharibu kazi. Ramani aliliona ni dharau.

"Miezi yote ile nimekuwa naongea na ukuta," alisema. "Tena ukuta unaoitikia."

Fundi angeweza kumweleza kwa sentensi moja, lakini kiburi kilimzuia. Alichukua randa yake, akamwambia afanye anavyoona inafaa. Naye Ramani akafanya. Alikwenda moja kwa moja kwa bosi, moto ungali unawaka, na bosi akaamua papo hapo: magari matatu yaliyobaki apewe fundi mwingine, na dirisha lile lizibwe mara gari likirudi kutoka safari ya majaribio. Ramani alipofika nyumbani, hasira ilikuwa imeshuka na mahali pake pakaanza kuuma. Simu hakupiga. Fundi naye hakupiga.

Kwenye safari ya majaribio alimchukua Shangazi, mama wa makamo mwenye kofia pana na maneno mapana zaidi. Walipanda mlima kwa gia ya pili, wakateremka, na ziwa likajitokeza upande wa abiria kama ilivyopangwa. Shangazi alilisifia hadi akakaukiwa na mate. Kisha akauliza habari za yule kijana wa mbao.

"Tumeachana, Shangazi."

"Mmeachana au mmenuniana? Aliyeachana haangalii simu kila kona."

Kambi ilikuwa ukanda mwembamba ufukweni, wenye geti moja. Ramani alikwenda mpaka mwisho wa ukanda, kisha akaligeuza gari, pua ikaelekea getini alikotokea. Hivyo ndivyo alivyoegesha kila mahali, hata sokoni, tangu mvua ilipomnasa zamani akashindwa kugeuza. Walifunga mapazia, wakala, wakalala mapema.

Asubuhi Shangazi alivuta pazia la kitandani. Ziwa likajaa dirisha zima, kutoka miguuni mwa Ramani mpaka kichwani, maji yametulia, na milima ya ng'ambo imesimama kichwa chini ndani yake. Alikuwa hajainua hata shingo kutoka kwenye mto.

"Huyu fundi wako alijuaje?" Shangazi aliuliza.

Ramani alitaka kusema kwamba dirisha liko upande usiofaa. Kisha akajiuliza. Gari likitembea, nani yuko kitandani? Hakuna. Kitanda huanza kazi gari likisimama, na gari lake likisimama, huwa limeshageuzwa, ziwa limehamia upande wa dereva. Miaka yote alipanga barabara, na usiku wake alilala kwenye hema, maana kabla ya hili kampuni haikuwa na gari lenye kitanda, wateja walikuja na yao, kwa hiyo hakuwahi kufikiria mtu akiwa juu ya mto anaona nini. Habari ya kugeuza pua alimwambia Fundi mara moja tu, kijuujuu, kati ya mbuzi na choo cha kituo cha mafuta. Fundi aliishika.

Alilia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Shangazi alimpa leso na kumkumbusha kwamba hasira ni hasara, akaongeza kwamba leso hiyo arudishiwe.

Fundi hakupokea simu. Bosi alipokea, akaambiwa kwamba kosa ni la Ramani mwenyewe, na kwamba dirisha hilo likizibwa, au yale magari matatu akipewa fundi mwingine, atafute na mtu mwingine wa kupanga safari. Bosi alinung'unika, lakini alikubali. Ziwa la pili na maporomoko yaliyokuwa kwenye ratiba, Ramani aliyaacha. Hakuwahi kukatisha safari katikati tangu aanze kazi. Siku hiyo alikatisha bila hata kuchana nywele.

Alimkuta Fundi anafunga vifaa vyake kwenye masanduku. Alikuwa amepata kazi ya milango ya hoteli, mji mwingine, na gari la kumchukua lilikuwa linakuja alasiri ile ile. Ramani alisimama mbele yake, sweta kalivaa kinyume.

"Nimelala humo," alisema. "Nimeamka, nimeona. Nisamehe, mpenzi. Nilidhani anayesikiliza ni yule anayejibu."

Fundi aliweka nyundo chini.

"Na mimi nisamehe. Nilitaka ushangae mwenyewe. Uliponiita ukuta, nikaamua kuwa ukuta kweli."

"Ulifikiria wateja?"

"Wateja siwajui. Nilifikiria wewe, unavyoamka huko peke yako."

Ramani ilibidi aangalie pembeni kidogo.

"Waambie watu wa hoteli huji," alisema. "Magari matatu yanakusubiri, bosi anajua. Na mimi nakusubiri, hilo bosi hajui."

"Maisha yangu yote natengeneza vitanda vya kulala watu wengine," Fundi alisema polepole. "Nataka nitengeneze kimoja cha kwetu. Nikuoe, Ramani."

"Unaniposa nimevaa sweta kinyume?"

"Hata ungevaa gunia."

"Basi nimekubali. Nimekubali kabla hujabadilisha mawazo."

Kutoka ndani ya gari Shangazi aliuliza kama posa imekwisha, maana jua halimsubiri mtu na yeye ziwa hajamalizana nalo. Fundi alipiga simu moja fupi ya kuomba radhi hotelini. Alipogeuka, Ramani alikuwa anamnyooshea funguo za gari, yeye ambaye hakuwahi kumwachia mtu usukani.

"Njia siijui," alisema Fundi.

"Naijua mimi. Nitakuelekeza."

Fundi akashika usukani, Shangazi akajitupa kitandani na viatu vyake, na Ramani, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, akakaa upande wa ziwa.