Kadi ya Marehemu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa mashine za gemu za zamani, mtu wa mzaha mkali.

Mama mmoja alimletea kadi ya kumbukumbu iliyogoma kusoma. "Humu mna gemu la marehemu mwanangu, fundi. Chonde, usifute kitu."

Fundi akaisugua meno yake ya shaba kwa kifutio na spiriti, ikasoma, jina la mtoto likatokea kwenye skrini. Lakini kadi hizo ni adimu kama maziwa ya kuku, na mteja mwingine aliitaka tupu. Akafuta. Mama aliporudi, akamwambia, "Imekufa, mama. Imemfuata mwenyewe."

Mama akaondoka. Papo hapo umeme ukakatika. Kibanda hakikuwa na dirisha, kikawa giza totoro, na humo gizani fundi akasikia vitufe: ta, ta, ta. Akaipapasa padi ya kuchezea mezani. Hakuna mkono ulioishika, ila vitufe vilikuwa vikididimia vyenyewe chini ya kiganja chake.

Umeme uliporudi, mashine ikawaka yenyewe. Kwenye skrini palikuwa na jina moja tu, la binti wa fundi mwenyewe, aliyekuwa nyumbani mzima wa afya. Chini yake mashine ilikuwa ikiuliza kama ifute, na mshale ulikuwa umeshafika kwenye "Ndiyo".